Kumtumainia Mungu Tusipoujua Mwisho wa Ugonjwa

(Mada iliyotolewa Tunduru katika Siku ya Wagonjwa Duniani, kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na kwa wote wanaouguza wagonjwa majumbani)





Nilipoombwa kuzungumza juu ya kumtumainia Mungu wakati wa ugonjwa, nilijiuliza kwanza kwa nini ombi hilo limetoka Tume ya Haki na Amani. Tumezoea kuisikia Tume hii ikisema juu ya mashamba, mirathi ya wajane, na wajibu wa raia wakati wa uchaguzi. Habari za wagonjwa tumeziachia zahanati na paroko. Lakini mimi nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na kadiri nilivyotafakari ndivyo nilivyoona kwamba waliotoa kichwa hiki wameona mbali. Kitandani kwa mgonjwa ndipo haki nyingi huheshimiwa au hukanyagwa, tena mara nyingi kwa jina la Mungu.

Siku hii ilianzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1993, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi. Kwetu Tunduru tarehe hiyo huangukia katikati ya mvua. Hakuna haja ya kuwaeleza Februari ni mwezi wa namna gani. Fedha za korosho zimekwisha, mahindi mapya bado yako shambani, mbu wamejaa, na njia za kwenda vijijini zimekatika. Anayeugua Novemba, mnada wa korosho ukiwa umefanyika, ana chochote mkononi. Anayeugua Februari ana majirani tu. Ugonjwa hauchagui msimu, ila msimu huamua nani atafika hospitali.

Ndugu zangu, ugonjwa huja na maumivu, lakini aliyewahi kulala siku nyingi kitandani atakuambia kwamba maumivu si mzigo pekee. Mzigo mwingine ni kutojua. Usiku, wenzake wote wamelala, mgonjwa hulala macho akijiuliza: Je, nitapona? Nisipopona, watoto watasoma vipi? Daktari aliposema nirudi baada ya wiki mbili alikuwa anaficha nini? Na swali lile ambalo hatupendi kulitamka kanisani, ingawa wengi wetu tunalo moyoni: Ni nani aliyenifanyia hivi?

Hapo ndipo watu wawili huingia mlangoni. Mmoja huleta tumaini na mwingine huleta uhakika. Yule mwenye uhakika ndiye hupokewa kwa shangwe, kwa sababu anasema moja kwa moja: kunywa hiki, utapona, mchawi wako ni fulani, tupa vidonge hivyo, umeshaponywa. Mwenye tumaini hana maneno makubwa kama hayo. Anakaa, anashika mkono, anasali, anapeleka mgonjwa kwenye matibabu, na ukimwuliza mwisho wake anajibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya udhulumu wanaotendewa wagonjwa wetu hutokana na kuchanganya watu hao wawili. Kumtumainia Mungu ni kumkabidhi maisha yetu huku hatujui mwisho. Anayetuuzia uhakika anatuondolea kutojua kwetu, na pamoja nako huondoka nafasi ya kumtumainia Mungu.

Maandiko Matakatifu hayamfichi mtu juu ya jambo hili. Mfalme Hezekia alipougua hata kukaribia kufa, aligeuza uso wake ukutani akalia, akamwomba Mungu, na Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Tunapenda kuhubiri sehemu hiyo. Mara chache tunaendelea hadi pale nabii Isaya anapoagiza letwe tini, zipondwe, ziwekwe juu ya jipu la mfalme. Nabii aliyekuwa na neno la Mungu kinywani mwake, tena akiisha kuhakikishiwa uponyaji, bado aliagiza dawa! Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya thelathini na nane ya kitabu chake, anatufundisha kumheshimu mganga wa kweli kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba Bwana huyohuyo ameziotesha dawa katika ardhi. Anamwambia mgonjwa asali na kutubu, kisha ampishe mganga. Na mganga naye anasali ili kazi yake ifanikiwe.

Mtakatifu Paulo aliyewaponya wengi alibaki na mwiba wake mwilini baada ya kuomba mara tatu uondolewe. Alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto akaendelea na safari. Alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Na miongoni mwa wenzake wa karibu alikuwamo Luka, tabibu. Je, imani ya Paulo ilikuwa haba? Anayesema kwamba kila asiyepona hana imani, na aanze kumweleza hayo Paulo kabla ya kumweleza mama mjane wa kigango chetu.

Tuseme sasa juu ya ramli, maana tukiikwepa hapa mada hii itakuwa maneno matupu. Mtu akiugua muda mrefu, au mtoto akifa ghafla, ukoo hukutana. Atatafutwa mtu wa kutazamia. Naye hatasema kwamba hajui, kwa sababu amelipwa ili ajue. Atataja ishara: mwanamke, mtu mzima, anakaa upande wa mashariki, ana macho mekundu. Kina mama wangapi waliopikia jikoni kwa kuni maisha yao yote hawana macho mekundu? Kuanzia siku hiyo bibi huyo hasalimiwi kisimani, wajukuu hawaruhusiwi kula kwake, na katika sehemu kadhaa za nchi yetu wazee wa namna hiyo wamepigwa na hata kuuawa. Mgonjwa hajapona, na sasa kijiji kina wagonjwa wawili. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, Bwana alilikataa swali lenyewe. Hakuwapa jina la mtu. Alitema mate, akafanya tope, akaanza kazi ya kumponya.

Naomba viongozi wa Jumuiya mlitazame hili kama suala la haki kabisa. Mtu anapotajwa mchawi katika eneo lenu, msisubiri hadi nyumba ichomwe. Nendeni mkale kwake. Kula chakula cha mtu aliyetajwa ni katekesi kubwa kuliko hotuba yangu hii.

Mnakumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema kwamba Mungu amemwonyesha mti ambao maji ya mizizi yake huponya magonjwa sugu. Kijiji cha Samunge, Loliondo, kikajaa watu kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Misururu ya magari ilifika kilomita nyingi, viongozi wakubwa wa serikali na wa dini walikunywa, na wagonjwa wengine walikata roho wakiwa bado njiani. Sitaki kumsema vibaya mzee yule, aliyefariki Julai 2021. Bei yake haikuwa ya mtu mwenye kutafuta utajiri, na sina sababu ya kusema kwamba hakuwa akiamini alichosema. Uchungu wangu uko kwingine. Kulikuwa na watu wenye virusi vya UKIMWI ambao, baada ya kunywa kikombe, waliacha dawa za kufubaza virusi, dawa ambazo serikali ilikuwa imeanza kuzitoa bure mwaka 2004. Wapo wenye kisukari walioacha sindano. Walipodhoofika tena waliona aibu kurudi kliniki, wakidhani kurudi ni kukiri kwamba hawakuwa na imani. Aibu hiyo ndiyo iliyowaua wengine, na ni sisi waamini wenzao tuliowatwisha.

Somo hilo hatukulishika vema, kwa kuwa miaka tisa baadaye lilirudi kwa taifa zima. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 2020. Rais John Magufuli aliacha makanisa na misikiti wazi, akaomba taifa lisali siku tatu mwezi Aprili. Wengi wetu tulishukuru, na mimi mpaka leo nasema kwamba kuita watu wasali ni jambo jema. Lakini mwanzoni mwa Mei takwimu zilisimama. Zilibaki palepale, wagonjwa 509 na vifo 21, na mwezi Juni tukaambiwa kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa. Watu wakaendelea kuzikwa, na vyeti vikaendelea kuandikwa matatizo ya kupumua. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliandika kuwaonya waamini kwamba ugonjwa upo na wajikinge. Mwanzoni mwa Machi Katibu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alisema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili Kanisa lilikuwa limepoteza mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60. Rais mwenyewe alifariki tarehe 17 mwezi huohuo. Serikali ilisema ni kwa maradhi ya moyo. Julai mwaka ule mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, alichanjwa mbele ya taifa, na chanjo ikaanza kutolewa.

Si nia yangu kuwahukumu marehemu. Nataka tuone kilichopungua. Sala haikupungua. Kilichopungua ni kuhesabu. Mtu aliyezuiwa kujua kwamba jirani yake amekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza hajapewa nafasi ya kumtumainia Mungu. Amenyang'anywa nafasi ya kunawa mikono. Maaskofu walipoiandika barua ile, walikuwa wanafanya kazi ya sala na kazi ya haki kwa kalamu ileile moja.

Turudi nyumbani kwetu, maana ni rahisi kuona kificho cha serikali kuliko kificho cha ukoo. Katika kazi yangu neno nililolisikia mara nyingi kuliko yote kutoka kwa ndugu ni hili: "Usimwambie." Mgonjwa ana saratani, au figo zimeshindwa, na ndugu wanakuvuta nje ya wodi, wanakusihi kwa macho ya machozi umwambie ni vidonda vya tumbo tu. Wanafanya hivyo kwa upendo, sikatai. Lakini tazameni matokeo yake. Mgonjwa anajua, wagonjwa karibu wote hujua. Naye anaficha kwamba anajua, ili asiwaumize. Hivyo nyumba nzima inaigiza, na mtu huyo anakwenda peke yake mahali ambapo alihitaji zaidi kusindikizwa. Hakupata kusamehe wala kuomba msamaha. Hakupata kusema shamba la korosho la kule mtoni ni la nani, ile nyumba ya bati ni ya nani. Wiki moja baada ya matanga, ndugu wa marehemu wanafika na lori, na mjane anaachiwa sufuria. Ndipo kesi inakuja kwa Tume ya Haki na Amani! Kesi nyingi za mirathi zinazowachosha wajumbe wa Tume zilianzia kwenye neno lile la upole, usimwambie.

Ni hivyohivyo kwa Sakramenti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba Mpako huu si wa wale tu walio katika dakika za mwisho. Wakati wake wa kufaa huanza mtu anapoingia katika hatari kwa ugonjwa au uzee. Zaidi ya miaka sitini imepita. Bado katika vigango vyetu padre akionekana na pikipiki yake akielekea nyumba yenye mgonjwa, majirani huanza kuulizana nani atachimba kaburi. Basi familia inachelewa kumwita, hadi mgonjwa hasikii tena. Makatekista, hili liko mikononi mwenu. Mfundisheni mgonjwa aombe mwenyewe, mapema, akiwa bado na sauti ya kuitikia sala.

Nawaona wengine mnataka kuuliza: je, tukisali, tukatibiwa, tukasema ukweli, na bado mtu akafa? Swali hilo Jimbo letu linalijua kwa uchungu. Oktoba 2017 Mungu alimwita Askofu wetu Castor Msemwa, aliyeliongoza Jimbo la Tunduru-Masasi tangu 2005. Alikwenda ng'ambo kwa ajili ya matibabu, huku altare zote za Jimbo zikimwombea. Mwili ndio uliorudi. Sala zile hazikupata jibu tulilolitaka, nami sina ufafanuzi wa kuwapa. Nawaogopa wenye ufafanuzi wa mambo kama hayo. Ninachoweza kusema ni kwamba askofu alipanda ndege kutafuta tiba na hakuna aliyemhesabu kuwa amepungukiwa na imani. Basi kipimo hichohicho tumpimie mkulima wa Nalasi au Lukumbule anayeuza mbuzi wake ili afike Peramiho.

Na kwa kuwa leo ni siku ya Lurdi, kumbukeni Bernadeta mwenyewe. Msichana aliyechimba chemchemi ambayo mamilioni wameiendea alikuwa mgonjwa wa pumu tangu utoto, akapata kifua kikuu, akafa mwaka 1879 akiwa na miaka 35. Kanisa nalo lina tahadhari kule: tangu 1883 pana ofisi ya madaktari inayochunguza kila anayedai kupona, na miujiza iliyokubaliwa rasmi hadi 2018 ilikuwa 70 tu. Wagonjwa wengi mno hurudi nyumbani na magonjwa yao. Hata hivyo wanarudi tena mwaka unaofuata. Nadhani kinachowarudisha ni kwamba huko mgonjwa hukaa mbele, na wazima humsukumia kiti.

Ndiyo maana Injili ninayoipenda kuliko zote kwa habari hii ni ile ya Marko, sura ya pili. Watu wanne wamembeba aliyepooza. Mlango umejaa watu. Wanapanda darini, wanatoboa. Mwinjili anasema Yesu aliiona imani yao, yaani ya wale wabebaji. Juu ya imani ya mgonjwa mwenyewe hatuambiwi neno. Huenda alikuwa amekwisha choka kusali. Wapo wagonjwa wanaofikia hatua hiyo, na wanaogopa kutuambia. Mgonjwa wa namna hiyo msimkemee. Salini ninyi kwa niaba yake, yeye apumzike.

Kubeba kwenyewe tunakujua. Wazee waliomo humu walibeba wagonjwa kwa machela, kisha zikaja baiskeli, sasa ni pikipiki, mgonjwa akiwa amefungwa kwa kanga katikati ya dereva na ndugu. Kabla ya lami safari ya kwenda Songea, kilomita zipatazo 270, wakati wa masika iliweza kula siku kadhaa. Lami tumepata, tunashukuru, ila haijafika kwenye vigango vya kando ya Ruvuma. Na tangu zamani chini ya machela hizo mabega ya Wakristo na Waislamu yamekuwa pamoja. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Tunduru, wana fundisho lao juu ya kutawakali: mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Katika jambo hili hatuna ugomvi nao hata kidogo. Mfuko wa wagonjwa wa Jumuiya usiulize mgonjwa anasali wapi.

Juu ya mfuko huo niseme waziwazi. Uchangwe Novemba, fedha za mnada zikiwa bado mkononi, kwa ajili ya Februari. Kila kaya yenye uwezo ijiandikishe bima mapema, na Jumuiya iwalipie wazee wasio na mtu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wajumbe wa Haki na Amani waisome, kisha wahudhurie mikutano ya kijiji na kuuliza kwa heshima utekelezaji wake umefika wapi kwetu. Waulize pia zahanati ina dawa gani na imekosa zipi, tangu lini. Huko ndiko kutoboa dari kwa siku hizi.

Misa itaanza saa nne. Wagonjwa watakaopakwa mafuta wakae mabenchi ya mbele, na walioshindwa kushuka kwenye gari padre atawafuata hukohuko. Viongozi wa Jumuiya, baada ya Misa msiondoke. Tukutane chini ya mwembe, kila mmoja aje na orodha ya wagonjwa wa eneo lake na jina la mwenye pikipiki anayekubali kuamshwa usiku.